Kuwatofautisha Bata Mluzi Wawili wa Bonde la Ruvu: Mwongozo Kamili

Anayelala jirani na majaruba ya mpunga huko Bagamoyo huwajua ndege hawa kwa masikio kabla ya kuwajua kwa macho. Baada ya isha, taa zikiisha kuzimwa na vyura wakishaanza ngoma yao, hupita juu ya paa kundi linalopiga miluzi kama watoto wanaoitana gizani, kisha kukawa kimya. Watu wengi huwaita bata maji au bata pori na kuishia hapo. Hata hivyo, katika mabonde ya mito Ruvu na Wami zipo aina mbili za bata mluzi zinazokula kwenye maji yale yale, zinazochanganyika katika kundi moja, na zinazomchanganya hata mtu mwenye darubini nzuri. Katika mwongozo huu nitamwita wa kwanza uso-mweupe na wa pili hudhurungi.

Kitaalamu, uso-mweupe ni Dendrocygna viduata, aliyepewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1766, na hudhurungi ni Dendrocygna bicolor, aliyepewa jina na Louis Vieillot mwaka 1816. Neno viduata lina maana ya aliyefiwa na mume, kwa kuwa ule uso mweupe uliozungukwa na weusi uliwakumbusha Wazungu wa zamani ushungi wa matanga. Kwetu mjane hukaa eda ametulia ndani, ilhali ndege huyu hakubali kukaa peke yake hata saa moja, kwa hiyo jina hilo limemkaa upande. Bicolor ni rangi mbili, nalo halimsaidii anayeanza, maana ukimwona hudhurungi kwa mbali utaapa kwamba ana rangi moja tu, ya mdalasini. Jenasi yao ina spishi 8 duniani. Uso-mweupe huishi Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska na Amerika ya Kusini. Hudhurungi huishi Afrika, katika Amerika zote mbili na Asia ya Kusini. Pwani kwetu uso-mweupe ndiye wa kawaida, na hudhurungi ndiye wa kutafutwa.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja, nalo ni mpangilio wa kutazama. Karibu kila mtu huanza na uso kwa sababu jina lenyewe linamwelekeza huko, na karibu kila kosa nililolifanya au kuliona likifanywa lilianzia usoni. Anza na sauti, ufuate umbo, kisha mkia, kisha mbavu, na uso uwe wa mwisho.

Maandalizi

Darubini inayofaa ni ile iliyoandikwa 8×42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Yenye 10×42 hukuza zaidi, lakini hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo, jambo linaloudhi pale kundi zima linaporuka ghafla. Kioo cha milimita 42 hupitisha mwanga wa kutosha alfajiri, saa ambayo ndege hawa wanakuwa bado wamechangamka. Chukua daftari na penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutawanyika karatasi ikipata umande, na simu yenye uwezo wa kurekodi sauti.

Fika shambani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakati huo bata wanarudi kutoka malishoni, kwani aina zote mbili hula zaidi usiku, na hudhurungi huendelea kula mchana kuliko mwenzake. Bagamoyo jua huchomoza upande wa bahari, kwa hiyo asubuhi ipe bahari mgongo utazame bara, ili mwanga uwaangukie ndege usoni, jioni geuza. Anayetazama kuelekea jua huona vivuli vyeusi tu, na kivuli cha bata mmoja hakina tofauti na cha mwingine.

Kuhusu msimu, masika hutawanya maji kila mahali na bata hutawanyika nayo kwenda kuzaliana. Kiangazi, madimbwi yakishakauka, hujikusanya kwenye maji yaliyobaki na kwenye mashamba ya umwagiliaji, na hapo ndipo unapoweza kuwaona wengi kwa pamoja na kuwalinganisha kwa utulivu. Usipoteze asubuhi yako kwenye mashamba ya chumvi, maana wote wawili hupenda zaidi maji baridi yenye majani, mayungiyungi na matete. Mwenye nafasi ya kwenda mbali kidogo anaweza kuwatafuta kwenye Mto Wami, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Shamba lina mwenyewe. Piga hodi, toa shikamoo, eleza unachotafuta, na utembee juu ya tuta bila kukanyaga miche. Ruvu na Wami ina mamba na viboko, kwa hiyo usiteremke ukingoni penye matete marefu, na usisimame katikati ya njia ya kiboko asubuhi anaporudi majini. Mtu wa kumuuliza kwanza ni yule aliyeko kwenye dungu akiamia ndege, kwa kuwa amekaa na bata hawa saa nyingi kuliko mtaalamu yeyote.

Hatua ya kwanza: sikiliza na uhesabu

Uso-mweupe hupiga mluzi wa silabi tatu, safi na wa juu: swii-swii-swiu. Kundi likipita, miluzi hupandana, lakini ukimshika mmoja sikioni utazihesabu tatu zake bila taabu. Hudhurungi hupiga silabi mbili, pi-tyuu, ya kwanza fupi na ya pili ikiteremka, na sauti yake ina mkwaruzo. Mzee mmoja niliyemkuta kwenye dungu, alipokwisha kuitikia shikamoo yangu, alilieleza jambo hili vizuri kuliko nilivyowahi kulisoma popote: "Mwanangu, hao wanaosema mara tatu ndio wetu wa siku zote. Wale wengine husema mara mbili tu, tena kama wana mafua." Nilimwambia, "Ndiyo, babu," nikaandika maneno yake ukurasa wa mbele wa daftari, na mpaka leo namfundishia kila anayenifuata.

Fanya zoezi hili kabla ya kuinua darubini. Simama, fumba macho, rekodi dakika mbili kwa simu, kisha sikiliza tena ukiwa kivulini huku ukihesabu silabi kwa vidole. Usiwachezee ndege sauti hiyo ili waje karibu, hasa wakati wa kutaga, maana huwatoa kiotani bure.

Hatua ya pili: hakikisha kwamba ni bata mluzi

Hatua hii ni fupi. Bata mluzi ana shingo ndefu na miguu mirefu, na akisimama ardhini husimama wima kama askari wa zamu. Akiruka, miguu hupita nyuma ya mkia, kichwa hushuka kidogo chini ya mstari wa mgongo, na mabawa yake ni mapana, ya mviringo na meusi kwa chini. Bawa la bata mluzi, awe yupi kati ya hawa wawili, halina weupe kwa juu. Ukiona doa kubwa jeupe bawani, huyo si mmoja wao, huenda ni bata bukini wa Misri. Yupo pia bata mdogo mwenye mdomo mwekundu, mashavu meupe na utosi mweusi, ambaye kwa mbali hudhaniwa uso-mweupe. Mdomo wake humfichua, kwani midomo ya bata mluzi wote wawili ni ya kijivu au nyeusi.

Kwa urefu, uso-mweupe ni sentimita 38 hadi 48 na hudhurungi ni 45 hadi 53. Vipimo hivyo vinaingiliana, kwa hiyo ukubwa peke yake usiutumie ila pale wawili wanaposimama bega kwa bega.

Hatua ya tatu: mkia

Kama utapewa nafasi ya kutazama sehemu moja tu ya ndege huyu, chagua kitako chake. Hudhurungi, pale mkia unapoungana na mgongo, ana ukanda mweupe uliopinda kama hilali ya mwezi mwandamo, na mkia wenyewe ni mweusi, kwa hiyo weupe ule hung'aa. Uso-mweupe hana kitu hicho. Mgongo wake wa chini, kitako na mkia vyote ni vyeusi mfululizo.

Uzuri wa alama hii ni kwamba huonekana katika hali ile ile inayozifanya alama nyingine zisionekane, yaani ndege anapokukimbia. Bata wengi utakaowaona bondeni watakuwa wanakupa mgongo, ama kwa sababu umewashtua wewe ama kwa sababu mtoto amepiga debe kwenye jaruba la jirani. Mtazamaji asiye na uzoefu hushusha darubini wakati huo, akidhani nafasi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Ibakize darubini machoni, chagua ndege mmoja aliye pembeni mwa kundi, mfuate yeye tu, na jiulize swali moja: pana hilali au hapana? Ukishamjibu huyo, hamia kwa mwingine. Usijaribu kulitazama kundi zima kwa mara moja, kwani jicho hujaza weupe pale moyo unapoutamani.

Bata aliyekaa majini huificha hilali chini ya ncha za mabawa. Hapo ngojea ajinyooshe au ajisafishe manyoya, jambo ambalo bata mluzi hulifanya mara nyingi na hata kusafishana wao kwa wao, au nenda hatua inayofuata.

Hatua ya nne: mbavu

Ubavu wa uso-mweupe una michirizi myembamba ya nyeupe na nyeusi iliyopangana wima, na tumbo lake ni jeusi. Ubavu wa hudhurungi una manyoya marefu ya rangi ya tui zito, yenye kingo nyeusi, yanayopinda kwenda juu na kuchora mstari mweupe-mweupe kati ya bawa na tumbo. Mstari huo huonekana hata ndege akiwa anaelea mbali, na kwa aliyetulia majini ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Tumbo la hudhurungi ni la mdalasini, kama kifua chake.

Hatua ya tano: uso

Sasa tazama uso, na utazame ukijua kwamba unaweza kudanganywa. Uso-mweupe aliyekomaa ana uso mweupe, kisogo na nyuma ya shingo vyeusi, baka jeupe kooni, na kifua cha rangi ya kahawia iliyoiva. Hudhurungi ana kichwa cha mdalasini chenye mstari mweusi unaoteremka nyuma ya shingo, na ubavuni mwa shingo ana eneo jeupe-jeupe lililochorwa mistari myembamba, ambalo kwa mbali huonekana kama shingo iliyopauka. Dume na jike wa kila aina hufanana, kwa hiyo usijisumbue kuwatenganisha.

Udanganyifu hutoka sehemu mbili. Kwanza, makinda wa uso-mweupe hawana uso mweupe. Uso wao ni wa kijivu au wa chai ya maziwa, tumbo halijawa jeusi, na michirizi ya ubavu bado ni hafifu, hivyo ndege mzima huonekana wa hudhurungi. Pili, wazee wao hula kwa kuzamisha vichwa matopeni, na tope hilo huwaachia nyuso rangi ya kutu kwa siku kadhaa.

Mimi mwenyewe nilitegwa na yote mawili kwa pamoja. Asubuhi moja ya Juni, miaka yangu ya mwanzo, nilikuta bata 34 wamejipanga juu ya tuta, hatua kama themanini mbele yangu, hakuna uso mweupe hata mmoja. Wengi walikuwa wa rangi ya chai, na wachache wenye vifua vilivyoiva walikuwa na nyuso za kutu. Nikaandika kwa furaha "hudhurungi 34", nikapigia mstari mara mbili, nikaanza kufikiria nitampigia nani simu. Kijana aliyekuwa akiamia ndege upande wa pili akapiga debe lake. Bata wakaruka wakinipa mgongo, vitako vyeusi thelathini na vinne, hilali hakuna hata moja, na juu ya kichwa changu wakapita wakisema swii-swii-swiu. Walikuwa uso-mweupe, makinda na wazazi wao waliotoka kula matopeni. Alama ya kufuta ingalipo kwenye daftari hilo.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni hii: uso mweupe ukiuona, umethibitisha, usipouona, hujathibitisha chochote. Rudi kwenye mkia, mbavu na sauti. Kinda la uso-mweupe, hata likiwa la rangi ya chai kiasi gani, halina hilali wala ule mstari wa tui ubavuni.

Hatua ya sita: tabia, kama ushahidi wa kuongezea

Mchana uso-mweupe hupenda kusimama ukingoni au juu ya tuta, wamebanana, wengi wao wakiwa wamesinzia. Hudhurungi hukaa majini zaidi na huzamia kutafuta chakula mara nyingi kuliko mwenzake. Ukiona kundi lililosimama nchi kavu na wawili watatu wanaelea pembeni wakizamia, anza na hao wa pembeni. Tabia haithibitishi peke yake. Inakuonyesha tu pa kuelekeza darubini.

Ingawa jina la jenasi yao linataja mti, wote wawili kwa kawaida hutaga chini, kwenye majani marefu au matete karibu na maji. Uso-mweupe hutaga mayai 6 hadi 12, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa siku 26 hadi 28. Kwa hudhurungi pia baba huatamia, na majike wana desturi ya kutaga katika viota vya wenzao, hata mayai yakajaa kiota kimoja kupita uwezo wa ndege mmoja kuyafunika. Ukigundua kiota, rudi kwa njia uliyojia na usiyaguse majani yaliyokifunika, kwa sababu kenge huifuata njia iliyofunguliwa.

Baada ya kuzaliana, bata hunyonyoka manyoya yote ya kurukia kwa pamoja na hukaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Kundi linalokimbilia matete kwa kuogelea badala ya kupaa limo katika hali hiyo, na mtu mwungwana huliacha lipite.

Suala la mpunga

Mkulima atakuuliza kama unawatafuta ili uwaondoe. Ni swali la haki, kwa kuwa bata mluzi hula mbegu zilizomwagwa kwenye tope, na hudhurungi hupenda sana majaruba. Pia hula mbegu za magugu ya majini, na mche ukishashika mizizi na kurefuka huwa hauko tena katika hatari ile ya siku za mwanzo. Kuotesha kitaluni na kupandikiza hupunguza hasara kuliko kumwaga mbegu moja kwa moja, na kuamia usiku wakati wa kumwaga husaidia kuliko kuamia mchana, kwa sababu usiku ndipo wanapokuja.

Sumu isitumike kamwe. Katika miaka ya 1960, huko Texas na Louisiana nchini Marekani, mbegu za mpunga zilizopakwa kiuatilifu cha aldrini ziliwaua hudhurungi kwa wingi hadi idadi yao ikashuka sana. Hapa kwetu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995. Bata wote wawili wamo katika orodha ya mkataba huo.

Hatua ya saba: hesabu na uandike

Hesabu ndege 10, uone wanachukua nafasi gani machoni, kisha ulipime kundi lote kwa kipimo hicho. Kundi likiruka, piga picha mbili tatu kwa simu uhesabu nyumbani. Katika kundi la mchanganyiko pata jumla kwanza, halafu ndipo uwagawe, kwani anayegawa huku akihesabu hupotewa na vyote viwili. Ardhi oevu nyingi duniani huhesabiwa ndege wake kila Januari chini ya uratibu wa shirika la Wetlands International, kwa hiyo rekodi ya Januari ina thamani ya kulinganishwa na za kwingine. Nyingine unaweza kuziingiza kwenye eBird, tovuti ya kuwekea rekodi za ndege.

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji na alama uliyoitumia kuamua, kisha weka safu ya wasiotambuliwa na usiione haya. Ukurasa wangu mmoja wa kiangazi unasomeka hivi: "Saa 12:10 asubuhi. Majaruba ya chini, maji kifundoni, upepo wa kaskazi mdogo. Jumla 68. Uso-mweupe 53, sauti na mkia. Hudhurungi 4, hilali kwa wote, mstari wa ubavu kwa wawili. Wasiotambuliwa 11, waliruka kuelekea jua."